Kumfundisha kijana mwenye sindromu ya Williams kuagana: namna tunavyoendesha kundi letu la mtandaoni

Mpwa wangu alipewa simu yake ya kwanza akiwa na miaka 13. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtoka, anamtumia mtu ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine: "Umepata nafuu? Umekunywa maji? Nijibu basi, naogopa." Nikamuuliza nani anaumwa. Akanitajia jina ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia. Walikuwa wamefahamiana siku ileile, saa nane mchana. Huyo mtu alilalamika kwamba kichwa kinamuuma, na hadi jua linazama kijana wetu alikwishampa jina la shule yake, saa anayotoka darasani na jina la mama yake. Alitaka mgonjwa ajue kwamba ana rafiki wa kweli.

Usiku ule nilitambua kwamba karibu kila ushauri niliousoma kuhusu stadi za kijamii kwa vijana uliandikwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Ulimhusu mtoto mwenye haya, anayejificha wageni wakija, anayehitaji kusukumwa kidogo ili aseme "habari". Wa kwetu salamu anazo za kuwatosha watu mia. Alichokosa ni breki.

Sasa ana miaka 17, na kwa miaka 4 nimekuwa nikiendesha kundi la vijana 6 wenye sindromu ya Williams, hali ya kuzaliwa nayo kama ya mpwa wangu, kwa simu ya video, kila Jumamosi asubuhi. Sikusomea udaktari wala saikolojia. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja, nimeifanya miaka 19, nayo imenifundisha kwamba mazungumzo yana mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Vijana hawa wanaingia bila kubisha hodi, kisha hawajui watokeje. Kundi letu linafanya kazi yake kubwa kwenye ule mlango wa pili. Naandika kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kuanzisha kundi kama hili.

Mjue kijana wako kabla ya kumfundisha

Sindromu ya Williams hutokana na kukosekana kwa kipande kidogo sana cha kromosomu namba 7, chenye jeni kati ya 26 na 28, kwenye nakala moja kati ya mbili ambazo kila mtu anazo. Mara nyingi hutokea tu yai au mbegu inapotengenezwa. Hakuna alichokula mama wala alichofanya baba. Nalisema hili mapema kwa sababu hadi leo nakutana na akina mama wanaojilaumu. Daktari J. C. P. Williams na wenzake waliieleza hali hii New Zealand mwaka 1961, na Mjerumani Alois Beuren akaieleza mwaka 1962, ndiyo maana kwenye vyeti vingine utaona imeandikwa Williams-Beuren. Mojawapo ya jeni zinazokosekana ni ya elastini, protini inayoiwezesha mishipa ya damu kuvutika na kurudi. Kwa hiyo familia nyingi zinamjua daktari wa moyo kabla ya kumjua mtu mwingine yeyote mwenye hali hii.

Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 7,500 hadi 10,000. Maana yake kijana anaweza kumaliza shule zote bila kukutana na mwenzake hata mmoja. Ndiyo sababu tuko mtandaoni. Kama vijana wetu wangekaa mtaa mmoja, ningewakusanya sebuleni nikaachana na kamera.

Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Andreas Meyer-Lindenberg walipima ubongo wa watu wenye sindromu hii walipokuwa wakitazama picha. Sehemu iitwayo amigdala, ambayo kwa kawaida hupiga kengele ya hatari, iliitikia kwa udogo sura za watu wenye hasira au hofu, ila iliitikia kwa ukubwa picha za kutisha zisizo na watu. Niliposoma hayo nilimwona mpwa wangu mzima mzima. Anaogopa ngazi, anaogopa radi, anaogopa puto lililojaa kwa kuwa linaweza kupasuka wakati wowote. Lakini binadamu hamwogopi. Ukimwambia "kuwa mwangalifu na watu" unamwomba asikie kengele ambayo kwake inalia kwa sauti ya chini mno. Itabidi umpe kitu kingine cha kushika badala ya hisia: kanuni iliyo wazi, sentensi aliyoikariri, orodha ya majina ukutani.

Jambo la pili linalowapoteza walimu wengi ni usemi wao. Wengi wa vijana hawa wanaongea vizuri, kwa maneno makubwa na hisia nyingi, na anayewasikiliza hudhani uelewa uko sawa na ulimi. Mara nyingi hauko sawa. Mpwa wangu aliwahi kuniambia kwamba "faragha ni haki ya msingi ya kila mtu", kisha dakika kumi baadaye akamsomea mtu namba ya simu ya dada yake. Kwa hiyo kila ukimfundisha kitu, usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, kwa tabasamu, kwa sababu anakupenda. Mwambie akuonyeshe.

Kupanga kikao

Vijana 6 wanatosha. Tuliwahi kujaribu 9, na zamu ya kuongea ikachelewa kufika hadi wawili wakaanza kulia. Umri usipishane sana; wetu walianza wakiwa kati ya miaka 13 na 15. Kikao ni dakika 45, saa ileile, siku ileile, na waongozaji wawili: mmoja anaongea, mwingine anatazama nyuso. Kila kijana awe na mtu mzima ndani ya nyumba, anayesikia ila haonekani kwenye kamera. Huyo mtu mzima akianza kujibu badala ya kijana, mwombe kwa upole ahamie chumba cha pili. Kiungo cha kuingilia kiwe na chumba cha kusubiri ili usiingize mtu ambaye hujamwona uso, na mtu yeyote asirekodi, hata wewe.

Kiungo nakituma saa moja kabla. Zamani nilikuwa nakituma Ijumaa, nikidhani nawasaidia wazazi. Matokeo yake kijana mmoja hakulala, aliuliza "kikao ni sasa?" usiku kucha. Wasiwasi wa kungoja ni mkubwa sana kwao, hata wanapongoja jambo wanalolipenda.

Sasa sauti, maana hapa ndipo kundi linaweza kuvunjika. Wengi wao masikio yao ni mepesi kupita kiasi. Sauti ambayo wewe haikusumbui, kwao inauma kwelikweli. Kikao chetu cha pili, jirani wa familia moja alianza kutoboa ukuta kwa mashine. Katika skrini niliona vichwa vitatu vikishuka kwa pamoja, mikono masikioni, na kijana mmoja akawa chini ya meza hadi kikao kilipoisha. Tangu siku hiyo kila mtu anaingia maikrofoni ikiwa imezimwa, ile kengele inayolia mtu anapoingia nimeizima kwenye mipangilio, na wanavaa hedifoni zilizowekwa sauti ya chini. Na tuna ishara: mtu yeyote akiweka mikono masikioni, wote tunazima maikrofoni papo hapo, hata kama ni mimi ninayeongea. Hatuulizi sababu. Ishara hii imewapa utulivu kuliko chochote nilichobuni baadaye.

Skrini iwe na vitu vichache. Ubongo wao hupata shida kupanga vitu kwa nafasi, na nyuso sita ndogo zinazohamahama zinachosha. Weka mpangilio unaoonyesha uso mmoja mkubwa wa anayeongea, jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Mwambie pia afiche picha yake mwenyewe, la sivyo atatumia nusu saa akijitazama. Na usitegemee kuandika. Kuchapa maneno kunawachelewesha, ujumbe wa sauti unawatosha.

Kikombe

Mtandaoni huwezi kupitisha mpira kutoka mkono hadi mkono ili kuonyesha zamu ya nani, kwa hiyo tunatumia kikombe. Kila kijana ana chake, cha plastiki (cha udongo kinagonga meza, na sasa unajua kwa nini hatukitaki). Anayeongea anakishika mbele ya kamera mdomo ukiwa juu. Akimaliza anakipindua. Hakuna anayeanza kabla kikombe hakijapinduliwa. Ni jambo dogo, lakini lilichukua wiki sita, na wiki ya kwanza mpwa wangu alishika kikombe chake kwa mikono miwili huku midomo ikimtetemeka kwa maneno yaliyokuwa yanataka kutoka. Alisubiri. Alihesabu kwa vidole. Binti aliyekuwa anaongea alipopindua kikombe, wote tulipiga makofi bila sauti, kwa kutikisa mikono hewani.

Zamu ikishazoeleka, fundisha kuuliza. Usidhani wanajua kwa sababu wanauliza sana. Maswali yao mengi yamekaririwa: unaitwa nani, mama yako anaitwa nani, nyumbani kwenu mashine ya kufulia ni ya aina gani. Hiyo ya mwisho ni ya kweli. Wengi wanapenda sana vitu vinavyozunguka au kunguruma, na mmoja wetu anajua mashine za kufulia kama wengine wanavyojua wachezaji. Sitaki kumnyang'anya furaha hiyo. Nataka tu aone kwamba mwenzake naye ana la kusema.

Mchezo wetu unaitwa mkia. Swali linalofuata lazima libebe neno moja kutoka kwenye jibu lililotangulia. Binti anasema, "Leo niliogelea." Zamani jibu lingekuwa, "Mashine yetu inafungukia mbele!" Sasa anakaa kimya, anatafuta mkia, kisha: "Uliogelea... na nani?" "Na kaka yangu." "Kaka yako anajua kupiga mbizi?" Hapo kuna mazungumzo. Swali la tatu likifika nawaacha, wapumzike, waongee mashine.

Kuna jambo linalotokea pasipo kupangwa, nawe ujiandae: huruma inawafurika. Wiki moja binti wa kundi alisema bibi yake amelazwa, na kabla hajamaliza sentensi vijana wanne walikuwa wanalia, mmoja kwa kwikwi. Kulia si kosa na sikuwazuia. Lakini yule mwenye mgonjwa alibaki akiwabembeleza wengine, na hilo halikuwa sawa. Kwa hiyo tulikariri swali moja la kumuuliza mtu mwenye huzuni: "Unataka tuongee habari hiyo, au tuongee kitu kingine?" Akichagua, tunafuata alichochagua. Wiki iliyofuata aliulizwa, akasema kitu kingine. Wakaongea kitu kingine, na mmoja akawa anafuta machozi polepole huku anauliza habari za paka wake.

Kuagana

Hapa ndipo nakuomba ukae sana. Kazini nilifundishwa kwamba simu haifungwi ghafla; ina ngazi tatu za kushuka. Unatoa ishara kwamba mazungumzo yanafika mwisho, unataja sababu fupi, unaacha ahadi ndogo ambayo utaitimiza. Nilizibeba kama zilivyo: "Nimefurahi kuongea na wewe. Sasa naenda kuoga. Nitakupigia Jumanne." Kisha unahesabu hadi tano moyoni na kubonyeza kitufe chekundu.

Bila ngazi hizo, kuagana kwa vijana wetu huwa hakuishi. Nimehesabu "kwaheri" 31 katika simu moja. Kila mmoja anangoja mwenzake akate kwanza, kwa sababu kukata kunaonekana kama kumsukuma mtu nje ya nyumba. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kuagana peke yake. Nawapanga wawili wawili kwenye vyumba vidogo vya kikao, simu ya dakika moja, na kazi yao pekee ni kuifunga vizuri. Kisha wanabadilishana. Mara kumi kwa siku moja, kama mazoezi ya mlangoni. Mwanzoni sababu zilikuwa zilezile, kila mtu anaenda kuoga. Baada ya miezi michache walianza kuwa na za kwao: "Masikio yangu yamechoka." Hiyo niliipenda sana, kwa kuwa ilikuwa kweli na aliyeambiwa hakukasirika.

Nusu ya pili ya somo ni kuagwa. Kijana huyu akikatiwa simu huona amechukiwa, kisha anatuma ujumbe ishirini kuuliza kosa lake. Na ujumbe ishirini ndio unaowafukuza wenzao wa shule. Ukifika umri wa miaka 13 au 14, wale watoto waliokuwa wakicheza naye wanaanza kujitenga, na mara nyingi chanzo ni wingi huo wa mapenzi ambao hawajui waupokee vipi. Kanuni yetu: ujumbe wako ukiwa haujajibiwa, una ruhusa ya kutuma mmoja zaidi siku inayofuata. Baada ya huo, unamwachia yeye. Tiki mbili za bluu zinaonyesha kwamba ameona, hazisemi hakupendi. Tunataja kwa sauti mambo ambayo huenda mtu anayafanya baada ya kuona ujumbe: anaendesha gari, yuko darasani, amelala simu mkononi, hana neno la kujibu kwa sasa. Kila kijana anachagua moja ya kuamini wakati akisubiri. Unaweza kuona ni jambo la kitoto. Mama mmoja aliniambia mwanawe anaisema peke yake jikoni: "Yuko darasani. Yuko darasani." Na anaiweka simu chini.

Mtu usiyemjua

"Usiongee na usiowajua" haifanyi kazi. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo kuhusu yule mwenye kichwa kinachouma, alinishangaa: "Lakini Mjomba, namjua. Ameniambia jina lake." Kwake ugeni unaisha jina linapotajwa. Kwa hiyo tuliacha neno hilo, tukaandika karatasi ya ukutani yenye majina ya watu anaoruhusiwa kuwapigia simu ya video. Kila jina limeandikwa kamili. Anayetaka kuongezwa lazima kwanza awe amekaa chumba kimoja na mtu mzima wa nyumbani, au aongee na mtu mzima huyo kwenye simu ya video, uso ukionekana. Jina ambalo halipo kwenye karatasi halipigiwi, hata kama lina kichwa kinachouma.

Vitu visivyotolewa ni vitano, kwa sababu vitano vinaingia kwenye vidole vya mkono mmoja: unapokaa, shule yako, nywila, pesa, na picha ya mwili. Na kuna kanuni moja juu ya zote, tunaisema kila kikao kwa pamoja: mtu akikuambia usimwambie mtu wa nyumbani, hapo hapo unamwambia mtu wa nyumbani. Vilevile anayetaka mhamie kwenye programu nyingine ya kuchati ambayo nyumbani hawaijui, anahesabiwa kuwa amesema hivyohivyo.

Kukataa kunawaumiza, maana wanahisi wamemwumiza mwingine. Usimlazimishe awe mkali. Mpe sentensi inayokutupia wewe lawama: "Siruhusiwi. Ngoja nimuulize Mjomba." Mbaya awe mimi, nimekubali. Vijana wote 6 wananiita Mjomba na wote wana ruhusa ya kunisingizia saa yoyote, hata usiku wa manane.

Mazoezi yafanye waziwazi. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma: nilifungua akaunti ya uongo, nikamwandikia mpwa wangu kama mtu mwingine ili nione atafanya nini. Alinipa kila kitu. Nilipomwambia kwamba ni mimi, hakusema neno, na kwa karibu mwezi mzima kila nilipomwandikia alimwuliza mama yake kama kweli ni mimi. Nilikuwa nimemfundisha kumshuku mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sasa natumia kofia. Nikiivaa mbele ya kamera, mimi ni mtu wa nje. Nalalamika, nabembeleza, natoa ahadi, naomba picha. Nikiivua ni Mjomba, na tunazungumza kilichotokea. Wanajua ni igizo na bado mioyo inawadunda. Mazoezi ya namna hiyo yanaingia.

Na siku jambo litakapotokea kweli, maana linaweza kutokea, usinyakue simu wala usipaze sauti. Kaa karibu naye. Piga picha za skrini za mazungumzo yote kwanza, ndipo ublok na kuripoti kwenye programu husika; ukiblok kabla, ushahidi unaweza kupotea. Kama kuna picha za mwili, vitisho au pesa zimedaiwa, nenda polisi ukiwa na picha hizo za skrini. Kijana mwache alie. Wangu alilia siku mbili kwa ajili ya mtu ambaye mimi nilitamani kumwona mahakamani. Aliniuliza, "Sasa nani atamuuliza kama amepona?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia siku hiyo tutamwombea, na tukamwombea.

Wiki inapoendelea

Pale UCLA, chuo kikuu kilichopo Los Angeles, Marekani, kuna programu iitwayo PEERS iliyoanzishwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel kwa ajili ya vijana wenye usonji na changamoto nyingine za kijamii. Nimechukua jambo moja kubwa kutoka kwao: wazazi wana kikao chao wakati watoto wana chao, na kila wiki kuna kazi ya nyumbani. Sisi hatufuati programu yao, lakini kazi ya nyumbani tumeishika. Kila wiki vijana wawili wanapigiana simu mara moja, dakika tano, siku na saa imepangwa, mtu mzima yuko chumba cha jirani. Baadaye mzazi anaandika mistari mitatu kwenye daftari: nani alianza, nani aliuliza swali lenye mkia, nani alifunga. Hakuna maksi. Ukiona kwa wiki tatu mfululizo anayefunga ni yuleyule, wabadilishe wenza.

Mambo ambayo wengine hufundisha na sisi tumeyaacha: kumtazama mtu machoni (wanatazama sana, tena kwa muda mrefu), kutabasamu, na kuanza mazungumzo. Usipoteze Jumamosi kwa hayo.

Lakini usipuuze kijana anayenyamaza. Wasiwasi wa kila siku ni wa kawaida mno katika hali hii, na uchangamfu wao unauficha. Akikosa usingizi, akianza kukataa kikao alichokipenda, au hofu moja ikimfungia ndani, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, na umweleze mapema kwamba kijana anaongea vizuri kuliko anavyoelewa.

Kuwapata wenzako

Nchi nyingi zina vyama vya familia hizi; Williams Syndrome Association ya Marekani na Williams Syndrome Foundation ya Uingereza ni miongoni mwa vinavyojulikana zaidi, na unaweza kuanza kwa kuwaandikia. Njia nyingine ni kliniki ya moyo au ya jenetiki anakotibiwa mtoto. Hawawezi kukupa namba ya familia nyingine, na ni haki wasikupe. Waachie yako, iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, na useme wampe mzazi yeyote atakayetaka. Usingoje hadi wafike sita. Vijana wawili, vikombe viwili na dakika kumi vinatosha kwa Jumamosi ya kwanza.

Mimi niliacha karatasi yangu kwa muuguzi nikasahau. Ilipita miezi minane. Jioni moja simu ikaita, mama nisiyemjua akauliza, "Ndiye wewe mjomba wa yule mtoto anayesalimia foleni nzima?" Nikamwambia ndiye. Nyuma yake nilisikia sauti ya binti ikisema apewe simu, apewe simu, anataka kujua ninaitwa nani.